Mitingi ni Wapi?

Niliwahi kuahidi shilingi mia tano kwa harusi ya watu nisiowajua, kwa sababu niliona haya kusema kwamba nilikuwa natafuta walevi wenzangu.

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na mbili jioni kasoro, kwenye ua wa kanisa moja upande wa Milimani hapa Nakuru. Maelekezo niliyokuwa nayo yalikuwa mafupi: Jumanne, saa kumi na mbili, kanisani, nyuma. Nyuma ya nini, sikuambiwa. Askari wa langoni alikuwa anakunywa chai. Nikamuuliza, "Mitingi ni wapi?" Hakuniuliza mitingi gani. Akanielekeza kwa kikombe chake: "Ule mlango wa kijani, siz."

Nikaingia. Watu kumi na wawili hivi, viti vya plastiki vimepangwa duara, baba wa makamo ameshika daftari. Nikajiambia, ndio hawa. Nikaketi karibu na mlango, kwenye kiti ambacho ningeweza kukiacha bila kupita mbele ya mtu. Baba mwenye daftari akasema, "Karibu mgeni wetu, jitambulishe." Nikafungua mdomo niitoe ile sentensi niliyoifanyia mazoezi kwenye matatu tangu Kaptembwo, na kabla haijatoka mama mmoja akaniwekea kadi mkononi. Kadi ya dhahabu, ina maua ya waridi pembeni na mistari mitatu ya kujaza. Jina. Simu. Ahadi yangu.

Kamati ya harusi.

Ningeweza kusema nimekosea mlango, halafu niulizwe nilikuwa natafuta mlango upi. Nikaandika. Wakanipigia makofi. Bibi harusi mwenyewe alikuja kunikumbatia, akidhani mimi ni wa upande wa bwana harusi. Nilikaa mle dakika arobaini nikisikiliza bei za hema na ubishi mkali kuhusu mbuzi wanne kama watatosha (hawatoshi, na nilitamani kusema). Nilipotoka giza lilikuwa limeingia. Baadaye nilikuja kujua kwamba mkutano niliokuja kuutafuta ulikuwa unaendelea wakati huohuo, hatua thelathini kutoka pale, nyuma ya jiko la kanisa. Nikapanda matatu nikarudi mtaani, nikashukia kwenye duka la vileo.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule: kaptura, sketi, shati za kola. Kwa miaka kama mitatu sikuweza kutunga uzi kwenye sindano kabla ya kunywa. Asubuhi unaushika uzi, unaulowesha kwa ncha ya ulimi, unaubana, unaulenga kwenye tundu, na tundu linakimbia. Ningejaribu mara sita, mara saba, huku mteja amesimama mlangoni anangoja kupunguziwa pindo. Halafu ningeinama chini ya meza kana kwamba natafuta kifungo, nitie mkono kwenye gunia la vipande vya vitambaa, nitoe kwota, kile kichupa cha pombe. Mafunda mawili. Ningepanga nguo kidogo, nimuulize mteja habari za nyumbani, na dakika kumi hazijaisha uzi ungeingia wenyewe, kama siafu anayerudi kwake.

Hakuna aliyejua, au ndivyo nilivyodhani. Mwanamume akilewa analala mtaroni na watu wanamruka. Mimi nilikuwa nanywa kwa kikombe cha chai chenye kifuniko, nikimung'unya pipi za mnanaa tangu asubuhi hadi meno yakaniuma. Ile sheria ya vileo ya 2010, tunayoiita ya Mututho kwa sababu ya John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha hapo jirani, inataka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi. Sina ugomvi nayo. Ila mimi shida yangu ilikuwa saa mbili asubuhi, na mtaani kwetu milango ya nyuma haijui kusoma.

Kabla ya kutafuta watu nilijaribu peke yangu. Nilienda kesha, nikaombewa, nikapakwa mafuta, na usiku huohuo nikamwaga kila kilichokuwa ndani ya nyumba. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi asubuhi nilianguka kibandani. Jirani yangu muuza viatu aliniwekea kitambaa kinywani, kitu ambacho haifai kumfanyia mtu, lakini namshukuru, maana ndiye aliyesimamisha tuktuk.

Hospitalini ndipo nilipoelezwa. Mwili uliozoea pombe kila siku hujifunza kukimbia kwa kasi ili kushindana na kile kinachouvuta chini. Ukikiondoa ghafla, kasi inabaki na hakuna breki. Degedege huja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuanzia kama siku ya pili hadi ya nne kuna hatari kubwa zaidi, mtu anachanganyikiwa, anaona vitu ambavyo havipo, joto linapanda, na wengine hufia hapo. Nilidungwa vitamini B1, nikapewa dawa za kutuliza ambazo kipimo chake kilipunguzwa siku baada ya siku. Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma haya na mikono yako inatetemeka asubuhi: usijifungie chumbani ukaacha leo kwa ujasiri. Anza kwa daktari. Kikundi kitakungoja.

Kuhusu kikundi, ni muuguzi aliyenitajia. Alikuwa anabadilisha dripu, hata hakuniangalia. "Ukitoka hapa utaongea na nani?"

"Na Mungu."

"Sawa. Na mtu je?"

Sikuwa na jibu. Mama yangu yuko Vihiga na ana presha. Mume alishaondoka. Dada zangu wa chama ningewaambia nini, na mimi ndiye mweka hazina? Muuguzi akaandika kwenye ukingo wa karatasi ya dawa yale maneno machache ya Jumanne. Kisha akachana ule ukingo akanipa.

Nilirudi nyumbani nikaanza kuchimba, maana karatasi ile ilinitia shaka. Nilikasirika sana wiki ile. Daktari wa meno ana bango. Mganga anayerudisha wapenzi waliopotea amebandika nambari yake kwenye kila nguzo ya stima kuanzia Kaptembwo hadi Free Area. Lakini watu wanaoweza kukusaidia kuacha pombe, hawana hata mshale. Nilipiga 1192, ile simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, na aliyepokea aliniuliza kwanza kama niko salama, swali ambalo sikuwa nimeulizwa na mtu kwa muda mrefu. Nambari nyingine niliziokota mtandaoni. Moja haikupatikana. Nyingine ilipokelewa na kijana wa boda wa Eldoret ambaye alikuwa ameuziwa laini iliyokufa ikafufuliwa. "Mama, wewe ni wa tatu mwezi huu," akaniambia. Akanyamaza kidogo. "Hata mimi hunywa. Lakini si sana." Tuliongea robo saa. Sijui nani alikuwa anamsaidia nani.

Jumanne iliyofuata ile ya harusi nilirudi. Sijui niseme ilikuwa nguvu gani, labda hasira tu. Vumbi la Nakuru siku hiyo lilikuwa la kufumba macho, na kwa mara ya kwanza nililipenda, maana nilijifunga leso hadi puani na hakuna aliyeshangaa. Askari yuleyule, kikombe kilekile. Safari hii ilibidi nimalize sentensi.

"Mitingi ya... ya wale watu wa pombe."

Akaweka kikombe chini. Akatembea nami hadi kwenye kona ya jiko, akanionyesha mlango wa mabati, akageuka kabla haujafunguliwa. "Mimi huishia hapa," akasema.

Mle ndani kulikuwa na benchi mbili, viti vya plastiki, thermos, vikombe vya rangi tofauti, na kitabu kimoja cha buluu kilichochakaa. Watu tisa. Wa kwanza niliyemwona alikuwa mwalimu mkuu wa shule ninayoishonea sare, mtu ambaye alikuwa na deni langu la kaptura arobaini tangu muhula wa kwanza. Alinitazama. Nikamtazama. Kwa sekunde kama tano nilifikiri mmoja wetu atatoka mbio, nikawa napima nani yuko karibu na mlango. Kisha akasogeza mkoba wake kutoka kwenye kiti cha jirani, nikaketi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kitu kama chama. Daftari la mahudhurio, ada ya kujiunga, faini ya kuchelewa. Au kama semina za wafadhili, ambapo unasaini, unapewa soda na nauli, na mtu anapiga picha. Hapakuwa na chochote kati ya hivyo. Sharti la kuingia ni moja tu, kwamba unataka kuacha kunywa; hata kuacha kwenyewe si sharti, kutaka kunatosha. Kikapu kilizunguka mwishoni, aliye nacho akatia, asiye nacho akakipitisha, na hela hiyo ndiyo inayolipa chumba na majani ya chai. Pesa kutoka nje hawapokei. Nilipouliza mfadhili ni nani, mzee mmoja aliyestaafu reli, mkazi wa Bondeni, alinijibu kwa Kiswahili cha pwani ambacho huku bara tunakisikia redioni tu: "Mfadhili ni weye, mwanangu, na hiyo ishirini yako."

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba hawajibizani. Mtu anasema yake, anamaliza, wanasema asante, anaingia mwingine. Hakuna anayekushauri. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ambapo ukisema umeumwa na kichwa unapewa dawa tano na lawama mbili. Kukaa mle, nikasema jambo la gunia la vitambaa, na pasiwe na mtu wa kusema "lakini kwa nini hukufanya hivi", nilihisi kama nimevua viatu vilivyokuwa vinabana. Sikulia. Wengi hulia siku ya kwanza, waliniambia. Mimi nilikula mandazi matatu.

Kisha kuna hilo jina. Kwa Kiingereza wana sentensi yao, na wale wasomi wetu huisema bila kupepesa. Kwa Kiswahili inakwama. "Jina langu ni fulani, na mimi ni mlevi." Mlevi! Hilo ni tusi. Ndilo neno ambalo watoto wa mtaani hulipiga kelele wakimfuata mtu na mawe. Wengine mle husema "mraibu wa pombe," kama watangazaji wa habari. Mzee wa Bondeni halipendi. Kwao, anasema, uraibu ulikuwa tambuu ya bibi yake: kijaluba, chokaa, popoo, majani mabichi, na wageni wakifika wanakaribishwa uraibu kwa heshima. "Mimi sikuwa na uraibu," husema. "Mimi nilikuwa nakunywa hadi najikojolea." Basi kila mtu hutumia lake. Mwalimu mkuu hutumia la Kiingereza. Mama mmoja husema tu, "Mimi pombe ilinishinda," na hilo ndilo nililoliiba. Miezi ilipita kabla sijathubutu kusema mlevi, na nilipolisema lilikuwa jepesi kuliko nilivyoogopa, labda kwa sababu hakuna aliyekuwa na jiwe.

Mama huyo, muuza mitumba, ndiye aliyekuja kunisimamia. Hapa lazima nicheke. Wiki ya tatu mzee aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa weye watakiwa utafute sponsa." Nilishtuka, maana mtaani sponsa ni mwanamume mwenye hela anayemtunza kimada. Nikamwambia, mzee, mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, sponsa wa nini tena? Chumba kizima kilipasuka. Kumbe sponsa kwao ni mtu aliyekutangulia kuacha, unayempigia simu unapokaribia kuanguka, na kwa kawaida mwanamke huchagua mwanamke. Mama mitumba alifuta machozi ya kicheko, akaniambia, "Nipe nambari yako. Lakini mimi sinunui mtu simu wala nywele."

Sikuanza kumpigia mara moja. Niliona nitamsumbua. Ana watoto, ana mzigo wa kufungua alfajiri, nitampigia nimwambie nini? Ni hadithi ya mzee wa Bondeni iliyonitoa hapo. Nyote mnaweza kuisoma mahali, lakini niliisikia kwake, tukiosha vikombe.

Mei 1935, dalali mmoja wa hisa kutoka New York, Bill Wilson, alikuwa amekwama katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Biashara iliyompeleka ilikuwa imeharibika. Alikuwa na miezi mitano bila kunywa. Amesimama ukumbini mwa hoteli, upande mmoja baa inachangamka, upande mwingine kuna simu na orodha ya makanisa. Akaanza kuzipiga nambari, moja baada ya nyingine, akitafuta mlevi. Hakuwa anataka kumwokoa mtu. Alikuwa amegundua kwamba akiongea na mlevi mwingine, yeye mwenyewe hanywi. Mwishowe akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye alikubali kumpa dakika kumi na tano. Waliongea zaidi ya saa sita. Daktari alianguka tena mara moja. Kisha ikafika Juni 10, siku ambayo AA, yaani Alcoholics Anonymous, vikundi kama hiki chetu, huihesabu ndiyo ya kuzaliwa kwake. Daktari alikuwa na mgonjwa wa kupasua, na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Bill akampa chupa moja ya bia ili itulie, aweze kushika kisu. Ikawa ndiyo ya mwisho maishani mwake.

"Ngoja," nilimwambia mzee. "Rudia hapo pa mikono."

Akarudia. Nilikuwa nimeshika kikombe chenye povu la sabuni. Daktari mzima, Marekani, karibu miaka tisini iliyopita, na mimi chini ya meza Kaptembwo.

Nilianguka mara moja, mwezi wa nne, siku ambayo haikuwa na sababu yoyote. Nilirudi Jumanne nikitegemea kuhojiwa. Mwalimu mkuu alinimiminia chai.

Mtihani wangu mkubwa ulikuwa matanga ya mjomba, Vihiga. Utafiti wa NACADA wa 2022 uliuweka ukanda wa Magharibi mbele ya kanda zote nchini kwa unywaji wa pombe, na kwetu nadhani hakuna aliyeanguka kitini kwa mshangao. Usiku wa pili chungu cha busaa kilikuwa katikati ya ua, wazee wamekizunguka na mirija yao mirefu, na ile harufu ya unga uliokaangwa na kimera cha wimbi ikaingia hadi jikoni nilipokuwa nachambua mboga. Si harufu ya ulevi kwangu. Ni ya babu yangu akinipakata. Shangazi alikuja na kikombe: "Onja tu, mwanangu, hii si pombe, hii ni chakula."

Nikasema naenda msalani. Nilisimama nyuma ya ghala la mahindi, mahali pekee penye mtandao katika boma lile, laini moja inakuja na kupotea. Saa tano na nusu usiku. Nikapiga.

"Nimekuamsha?"

"La," akasema mama mitumba. Nikasikia anaketi. "Afadhali umepiga. Leo nimepita mbele ya ile baa mara tatu. Mara tatu, fundi. Nilikuwa hapa naiangalia simu, naona aibu kumpigia mtu usiku."

Simu ilikatika mara nne. Tukaongea hadi chaji yangu ikaisha, nikarudi jikoni, shangazi akawa amekunywa kile kikombe mwenyewe.

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu alikuja kibandani pamoja na naibu wake, mama mkali mwenye miwani. "Habari ya siku nyingi, fundi," akanisalimia, na tulikuwa tumekaa viti vya jirani siku mbili zilizopita. Nikamjibu, "Nzuri, mwalimu, mmepotea sana." Akalipa kaptura ishirini na tano. Kumi na tano bado, na nitazidai, maana kile chumba hakifuti madeni. Na kwa kuwa tunafichiana siri, hapa pia sijataja jina langu, wala la kanisa, wala la shule. Ukiwa Nakuru na unatafuta, uliza muuguzi, piga 1192, ingia kanisa lolote kubwa umuulize askari. Ila malizia sentensi.

Ile harusi ilifanyika. Najua kwa sababu waliniingiza kwenye kundi lao la WhatsApp kwa ile nambari niliyojaza, na sikuwahi kutoka. Nilikuwa naona hema zikilipiwa, mbuzi wakiongezwa hadi saba. Siku tatu kabla ya arusi nikatuma mia tano zangu kwa M-Pesa. Mweka hazina akanijibu papo hapo: "Asante sana dada, Mungu akuzidishie. Tukuandike upande wa nani?"

Nikaandika "nyuma ya jiko." Nikafuta. Nikaandika "bibi harusi."